Mwongozo kamili wa kukaa na Wadominika: kuanzia baraka ya asubuhi mpaka domino za usiku

Kwanza tuelewane, maana niliposema nimeenda kukaa na Wadominika kuna ndugu zangu walidhani nimeingia utawani. Hapana jamani, nasema watu wa Jamhuri ya Dominika, wale wanaogawana kisiwa cha Hispaniola na Haiti, mji mkuu wao Santo Domingo na lugha yao Kihispania. Na sio Dominica, hicho ni kisiwa kingine kabisa.

Mimi nilipanga chumba Bronx kwa familia moja ya Kidominika, afu Desemba moja wakanibeba kwenda kwao Santiago, upande wa kaskazini unaoitwa Cibao, nikakaa mpaka mwanzoni mwa Machi. Wiki ya kwanza niliharibu. Nilikaa kimgeni, nimejifungia chumbani nasubiri kuitwa mezani, nikidhani ndio adabu, kumbe wenzangu wanaulizana huyu kakasirika au anaumwa. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi kule jembe unapewa siku ya kwanza na usipolishika wanakuonea huruma. Kwa hiyo mwongozo huu wote ni wa namna ya kulishika, nimeupanga kama siku inavyokwenda.

Hatua ya 1: Salamu, na hii ndio nusu ya kazi

Kwa aliyekulia kwenye shikamoo hapa ni mteremko. Mtoto akiamka, akirudi shule, akimwona bibi au shangazi, neno la kwanza ni "bendición", yaani naomba baraka, na mkubwa anajibu "Dios te bendiga", Mungu akubariki. Wakiwa na haraka linabaki "ción" tu, kama watoto wetu wanavyopita mbio na "kamoo". Na sio watoto peke yao, baba mwenye mvi anampigia mama yake simu anaanza na bendición, akisahau atasemwa. Wewe mgeni hulazimiki maana hiyo ni ya ukoo, ila mama mwenye nyumba akishaanza kukuita "mi hijo" au "mi hija", yaani mwanangu, jaribu siku moja uone anavyoyeyuka.

Watu wazima unawaita don au doña na jina lao la kwanza, matumizi yake ni kama sisi na Mzee fulani, Bi fulani, na unawasemesha kwa "usted", ile "wewe" ya heshima. Ukiingia mahali penye watu, iwe kliniki, duka au basi, unasema "buenas" kwa wote na wote wanaitikia, usipite kimya kama umeingia zizini. Wanawake wanabusiana shavu moja, mwanamke na mwanaume hivyohivyo, wanaume wao kwa wao ni mkono na kugonganisha bega. Vijana wana "qué lo qué" yao, yaani vipi, kwenye simu wanaandika KLK, hiyo usimpelekee bibi wa mtu.

Ishara mbili za kujua mapema. Wanaelekeza kitu kwa midomo, hiyo hata kwetu ipo. Ya pili ni kukunja pua. Mtu akikukunjia pua haraka maana yake "nini? sijakusikia", na mimi siku tatu nzima nilikuwa naenda kujinusa kwapa.

Halafu neno "ahorita". Kihispania cha wengine laweza kuwa sasa hivi, kwa Wadominika ni baadaye, na baadaye yenyewe haina saa. Mkiagana kukutana kesho mtu anaongeza "si Dios quiere", ambayo ni inshallah yao na inatumika vilevile, pamoja na ile maana ya siji.

Hatua ya 2: Kahawa, kisha mangú

Kahawa inapikwa kwenye greca, birika dogo la chuma la kuweka jikoni, inatoka nyeusi na nzito, inawekwa sukari ya kutosha na kunywewa kwenye kikombe kidogo. Kila anayepita nyumbani anapewa. Usikatae. Kama hunywi kahawa pokea, onja, shika kikombe, maana kinachogawiwa pale ni kikao.

Chai ya asubuhi yenyewe ni mangú. Hii ujifunze kupika, ukiweza mangú hutaulizwa tena unatoka wapi. Kwa watu wanne:

1. Chukua ndizi mzuzu nne, mbichi, kijani kabisa. Kata ncha, chana ganda kwa urefu, bandua. Paka mafuta mikononi kwanza kwa ajili ya utomvu.
2. Katakata, chemsha na chumvi kama dakika 20 hadi 25, mpaka uma uingie bila kubishana.
3. Toa ndizi, maji yake yaache. Ponda zingali za moto pamoja na siagi vijiko viwili vitatu, huku ukiongeza maji kidogokidogo mpaka ilainike. Hapa kuna ugomvi wa kitaifa, wengine wanaweka maji yaleyale ya kuchemshia, wengine wanasema maji ya baridi ndio yanafanya isikakamae ikipoa. Nimejaribu yote, mimi niko na wa baridi.
4. Kitunguu chekundu kata duara, pitisha kwenye mafuta, tia siki na chumvi, kisiive kikalegea. Mwaga juu.

Pembeni weka vipande vya salami vya kukaanga, jibini la kukaanga (aina ngumu, isiyoyeyuka kwenye mafuta) na yai la kukaanga. Hivyo vitatu vinaitwa "los tres golpes", mapigo matatu, na ukishakula utaelewa nani kapigwa. Kumbuka pia majina, "plátano" ni mzuzu, "guineo" ni ndizi za kawaida za kuiva au za kuchemsha, na hilo jina guineo limetoka Guinea, pwani ya Afrika.

Hatua ya 3: Nenda colmado mwenyewe

Colmado ni duka la Mangi. Hakuna namna nyingine ya kulieleza. Liko kila kona, linauza mchele wa kupima, mafuta kidogo, nyanya ya kopo, vitunguu saumu viwili, "un chin" ya hiki na kile, "un chin" ni kidogo tu. Wana kijana wa pikipiki, ukipiga simu anakuletea hata barafu na sigara moja. Na wana daftari la mkopo, kukopa wanaita "fiao", na kibao ukutani kinasema leo hatukopeshi, kesho ndio, kile kile chetu kabisa.

Sasa kazi yako mgeni ni kujitolea kwenda. Ukienda mara tatu muuzaji anakujua, ukijulikana colmado umejulikana mtaa mzima, na siku ukipotea kuna mtu atakurudisha nyumbani. Jioni duka hilohilo linageuka, spika zinatoka nje, bia zinatoka kwenye friza zimeganda ukungu mweupe wa barafu, wanasema bia imevaa kama bibi harusi. Bia inanunuliwa chupa moja kubwa na kugawanywa kwenye vikombe vidogo vya plastiki. Usinunue yako ukanywa peke yako, hata kama una hela. Subiri zamu yako ya kununua na usiikimbie.

Hatua ya 4: Mchana, la bandera

Mlo mkubwa ni wa mchana, saa sita mpaka saa nane, na mlo wenyewe unaitwa bendera: wali mweupe, maharage mekundu ya mchuzi, nyama ya kuku au ng'ombe, na kachumbari au parachichi pembeni. Bendera yao ni nyekundu, nyeupe na bluu. Niliuliza bluu iko wapi kwenye sahani, nikajibiwa na watu wanne majibu manne, wakaanza kubishana wao, nikaendelea kula.

Wali wanapika kwenye caldero, sufuria nzito ya alumini. Maji, mafuta na chumvi vichemke, mwaga mchele, koroga, maji yakikauka funika na shusha moto kabisa, katikati geuza mara moja tu. Usiogope chini kushika, ndio unachotafuta, maana chini unapatikana "concón" ambao ni UKOKO, ndugu zangu, ukoko! Kwetu ukoko ni wa watoto na wa kuku, kule unakwanguliwa kwa heshima, unawekwa sahani yake, unamwagiwa mchuzi wa maharage juu na watu wazima wanagombea. Ukitaka kumsifu mpishi sifia concón.

Maharage: chemsha mpaka yalainike pamoja na kipande cha boga, boga ndio linaupa mchuzi uzito. Kaanga kitunguu, saumu, hoho, giligilani na oregano, tia nyanya ya kopo, mimina maharage na maji yake, ponda machache, acha yachemke taratibu. Kuku: mkamulie ndimu, mpake saumu na oregano, kisha chemsha mafuta na sukari kijiko kimoja mpaka sukari iwe kahawia ndio utupie kuku, anapata rangi ile nzuri. Sukari ikiwa nyeusi mwaga uanze upya, itatia uchungu kila kitu.

Kuna wali mwingine. "Locrio" ni wali uliopikwa pamoja na nyama, binamu wa pilau. "Moro" ni wali na kunde za aina yoyote sufuria moja, na sasa nisikilizeni watu wa Tanga na Mombasa: kuna moro de guandules con coco. Guandules ni mbaazi. Coco ni nazi. Mbaazi za nazi ndani ya wali, upande wa Samaná wanaupika hasa, na mimi nilipoonja niliomba ruhusa nikatoka nje kidogo.

Ukikuta watu wanakula watakwambia "a buen tiempo", umefika wakati mzuri, ni karibu tule. Kwetu tungesema mama mkwe wako anakupenda. Ukipita mtu anakula wewe sema "buen provecho" hata humjui. Ukishashiba usikimbilie kuoga, bibi atakufokea, na ukitoka kupiga pasi usifungue friji, joto na baridi zikikutana mwilini wanasema utapooza. Usibishane.

Hatua ya 5: Kutembea

Haina mengi. Guagua ni daladala, ina konda anayepiga kelele mlangoni. Carro público au concho ni gari dogo la njia maalumu, nyuma wanne na mbele wawili pembeni ya dereva, kwa hiyo mapaja yatagusana, zoea. Motoconcho ni bodaboda, patana bei kabla hujapanda. Santo Domingo kuna treni ya chini ya ardhi tangu 2009, safi na haina foleni. Ofisi za serikali usiende na kaptula wala ndala, utarudishwa mlangoni, na kwa jumla watu wanajipiga pasi, ukiona dada katoka na rola kichwani mchana jua usiku kuna shughuli.

Hatua ya 6: Jioni nje, domino mezani

Jua likipungua viti vya kubembea vinatolewa barazani na mtaa unaanza kuongea. Kama ni kati ya Oktoba na Januari mazungumzo ni pelota, besiboli, ligi ya timu sita. Licey ya Santo Domingo ni bluu, Águilas ya Santiago ni njano, na hizo mbili ni Simba na Yanga, usivae bluu Santiago kwa bahati mbaya kama mimi. Watoto barabarani wanacheza "vitilla", mpira ni kifuniko cha dumu la maji na gongo ni mpini wa fagio.

Domino ndio shule. Ni vipande 28, wachezaji wanne, wawili wawili wanaokabiliana, kila mtu saba hakibaki kitu. Raundi ya kwanza anaanza mwenye sita-sita, mchezo unazunguka kinyume na saa, na upande ukishinda unachukua pointi zote zilizobaki mikononi, kawaida mnafukuzia 200. Mambo ya kuzingatia:

Kila namba iko kwenye vipande saba, hesabu. Mwenzako akiweka namba mara ya pili anakuambia kitu, usimfunge. Ukikosa sema "paso" na utulie, usitikise uso. Kuongea na mwenzako kwa maneno au macho ni wizi, ingawa wazee wote wanakohoa kwa mpangilio. Kipande kizuri kinapigwa kwa kishindo meza iruke. Ukimaliza na kipande kinachoingia pande zote mbili ni "capicúa", hapo unasimama. Na kama hujui kucheza kaa nyuma ya mtu uangalie, ila usiseme unachokiona mkononi mwake, wala usishtuke, nilishtuka mara moja nikahamishiwa kiti.

Umeme ukikatika wote wanasema "se fue la luz" kwa pamoja, mchezo unaendelea kwa tochi ya simu, ukirudi mtaa mzima unashangilia "llegó la luz!" Nilijisikia nyumbani kupita maelezo.

Hatua ya 7: Utachezeshwa, jiandae

Merengue ni rahisi, unatembea papo hapo, kulia kushoto, goti linalegea na kiuno kinafuata chenyewe. Ile ya zamani ya Cibao, perico ripiao, ina kodiani, ngoma ya tambora na güira, chuma cha kukwaruza. Bachata ni hatua tatu upande mmoja, ya nne unagusa tu, kisha unarudi. Bachata ilidharauliwa miaka mingi kama muziki wa walevi na mitaa ya maskini, rekodi za mwanzo ni za José Manuel Calderón mwaka 1962, baada ya dikteta Trujillo kuuawa 1961. Leo zote mbili ziko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni, merengue 2016 na bachata 2019, na waliokuwa wanazidharau sasa wanacheza kwenye harusi zao. Wewe ukivutwa mkono inuka. Kukosea sio aibu, kukataa ndio kunaudhi.

Hatua ya 8: Jua uko mwezi gani

Desemba 24 usiku ni nguruwe wa kuchoma, moro wa mbaazi, na pasteles en hoja, yaani ndizi na magimbi yaliyosagwa, kutiwa nyama na kufungwa kwenye jani la mgomba. Kama huli nguruwe sema mapema bila hotuba, utapewa kuku na utachekwa kidogo. Januari 6 ni Wafalme, yaani wale Mamajusi, watoto wanaweka majani chini ya kitanda kwa ajili ya ngamia. Januari 21 ni Mama wa Altagracia, yaani Bikira Maria, na watu wanamiminika Higüey kuhiji.

Jumapili za Februari ni kanivali, kubwa ni ya La Vega. Kuna mashetani wenye pembe na nguo za kung'aa wanaoitwa diablos cojuelos, kila mmoja na "vejiga", zamani kibofu cha mnyama kilichokaushwa, na kazi yake ni kukuchapa makalioni kwa nguvu zote. Sheria ni moja, ukishuka barabarani umekubali kuchapwa. Kaa juu pembeni na mgongo ukutani. Mwezi unaishia na Februari 27, uhuru wao wa mwaka 1844, na waliojitenga nao sio Hispania ila Haiti, jambo linaloeleza mengi utakayoyasikia.

Kisha Kwaresima na habichuelas con dulce, maharage matamu. Usikunje uso. Maharage mekundu yanachemshwa, yanasagwa, yanachujwa, yanarudi jikoni na tui, maziwa ya kopo, sukari, mdalasini, karafuu, zabibu kavu na vipande vya viazi vitamu, unakoroga moto mdogo mpaka yawe kama uji mzito, juu yanapambwa na biskuti ndogo za maziwa. Aliyewahi kula viazi vitamu vya nazi kwenye futari hatashangaa sana. Yanapikwa sufuria kubwa ili yapelekwe kwa majirani, na majirani nao wanaleta yao, friji inajaa maharage ya nyumba sita na unatakiwa kuwa na maoni juu ya kila moja.

Msiba ukitokea

Nenda, kaa, usiongee sana. Kuna siku tisa za sala, na ya tisa ndio kubwa, kisha mwaka ukitimia wanakutana tena, "cabo de año". Kahawa na chai ya tangawizi zinazunguka usiku kucha, ukipeleka sukari au kahawa umefanya la maana. Villa Mella, pembeni ya Santo Domingo, kuna udugu unaoitwa Congos del Espíritu Santo, wana ngoma zao na jina lao linatamka lenyewe walikotoka wazee wao, UNESCO iliwatambua 2001. Mwanachama akifa wanampigia ngoma kwenye maziko na siku ya tisa, na miaka mitatu baadaye wanafanya kubwa inayoitwa Banko.

Neno kwa sisi weusi

Sitalipamba. Utaitwa "moreno" au "morena", yaani mweusi, mara nyingi kwa upendo, hata mtu mweusi kama wewe atakuita hivyo huku mwenyewe akijiita "indio", yaani Mhindi mwekundu. Lakini pia unaweza kudhaniwa Mhaiti, na hapo sauti hubadilika. Oktoba 1937 Trujillo aliamuru kuuawa kwa maelfu ya Wahaiti upande wa mpakani, na 2013 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu iliyowavua uraia watu wengi waliozaliwa hapo wenye asili ya Haiti. Kwa hiyo tembea na nakala ya pasi ya kusafiria, hasa ukielekea mpakani, ukisimamishwa na uhamiaji jibu kwa utulivu na uonyeshe. Na mezani watu wakianza kuwasema Wahaiti huna haja ya kuchekea. Mimi nilisema mara moja kwamba bibi zetu wote walitoka bara moja, pakawa kimya, doña akaongeza kahawa.

Hatua ya mwisho: kuondoka

Anza kuaga saa moja kabla. Utaaga ndani, utaaga barazani, utaaga getini, na kila kituo kina stori yake mpya. Utapewa chombo cha chakula ubebe, usiseme nimeshiba, pokea. Cha kwangu kilikuwa kopo la zamani la aiskrimu, limejaa moro na juu limewekwa kipande cha concón kimefungwa karatasi peke yake kisilowe. Nilikirudisha Bronx wiki iliyofuata na mahamri ndani, doña mdogo akauliza hizi ni yaniqueque (unga wao wa kukaanga) za kwenu, nikamwambia karibu sawa, ila hizi zina iliki.